Kicheko Ndani ya Mchoro

Asubuhi hiyo ukumbi wa chini wa hospitali ulikuwa umefurika watu, na lifti, kama ilivyo desturi ya lifti, ilikuwa imeichagua asubuhi hiyo hiyo kugoma. Ilikwama shimoni, paa lake likiwa chini ya usawa wa sakafu ya ukumbi. Nyuma ya kizuizi cha njano, fundi mmoja alikuwa amesimama juu ya paa hilo, kwa hiyo watu walimwona kuanzia mabegani kwenda juu: kola ya ovaroli ya bluu, penseli sikioni, na uso wa mtu asiye na haraka hata kidogo.

Dada mmoja mwenye gauni la kijani la maua madogo meupe alipenya umati mpaka mbele. Alikuwa amekumbatia moyo wa plastiki uliozidi ukubwa wa kichwa cha mtoto, mwekundu huku na wa bluu kule, na alikuwa amechelewa kazini ghorofa ya saba.

"Fundi, bado sana?"

Fundi aliinua macho, akautazama moyo kwanza, kisha mbebaji. "Huo moyo una mwenyewe?"

"Hauna. Ni wa kufundishia."

"Basi ushike vizuri. Hapa kuna msongamano, unaweza kuibiwa."

Waliokuwa karibu walicheka, na yeye, ambaye hakupenda kuchekwa kabla ya chai, alijikuta anang'ata mdomo asicheke nao. Fundi alisema kuna kifaa anakisubiri kiletwe, na bila kifaa hicho hakuna atakayepanda leo isipokuwa kwa miguu yake. Kisha akajivuta juu, akavuka kizuizi, akafuta mikono kwenye ovaroli na kuomba abebeshwe ule mzigo. Kufika ghorofa ya tano yule dada alikuwa anahema, wakati fundi anasimulia kisa cha lifti iliyowahi kumfungia bwana harusi.

"Una moyo mzuri," dada alisema, akishika ukuta.

"Umeuonaje?"

"Ndiyo kazi yangu."

Haikuwa maringo. Wenzake kazini walimwita Bi Mawimbi, kwa sababu kutwa alikuwa akitengeneza mioyo ndani ya kompyuta. Kila pigo la moyo huanza na cheche ndogo ya umeme. Cheche hiyo huenea kwenye nyama ya moyo kama wimbi kwenye beseni la maji, nyama inajikunja, damu inasukumwa, kisha moyo unajitayarisha kwa cheche nyingine. Bi Mawimbi aliligeuza wimbi hilo kuwa hesabu. Ukimpa mchoro wa umeme wa moyo wa mtu, programu yake ilijenga kwenye skrini moyo unaofanana na wa mtu huyo, nao ungeweza kuukimbiza, kuuchosha na kuutisha bila mwenyewe kuumia. Aliyaeleza hayo yote katikati ya ngazi ya ghorofa ya sita, na fundi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanaume wawili kabla yake hawakuliweza.

"Na mimi nafanya hayo hayo," fundi alisema. "Umeme, mlango, kupanda na kushuka. Ila changu kikikwama, natukanwa."

Namba za simu zilibadilishana mikono kabla ya ghorofa ya saba.

Ikawa desturi yao kupigiana mchana. Wakati wa chakula simu ya Bi Mawimbi ilikuwa haikai mezani.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Juu ya paa la lifti, jengo la benki. Na wewe?"

"Ndani ya moyo, chumba cha kushoto."

"Kuna nafasi ya mpangaji?"

Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo na ambaye masikio yake hayakustaafu pamoja naye, alimuuliza siku moja wakiwa jikoni kama huyo anayemchekesha hadi maharage yanaungua ana jina. Bi Mawimbi akajibu kuwa anaitwa Fundi. Shangazi akataka kujua ni fundi wa nini, wa kuunguza maharage? Lakini alikuwa anatabasamu, akasema siku akipenda amlete amwone.

Ndipo mradi wa Bi Mawimbi na wenzake kazini ukahitaji mioyo mizima. Michoro ya wagonjwa ilikuwa tele. Ya watu wasioumwa ilikuwa haba, kwa kuwa mtu asiyeumwa hana sababu ya kulala kwenye kitanda cha hospitali na kubandikwa waya. Fundi alikubali kwa sharti moja tu, kwamba wasimnyoe kifua.

Siku alipokuja, kulikuwa na mashine mpya ya kupimia, na Sista, muuguzi wa chumba cha kupimia, alikuwa haachi kuisifia. Ilikuwa nyepesi, haina kelele, na ikitimiza dakika moja inajizima yenyewe, hakuna haja tena ya kukodolea saa. Alimlaza Fundi, akambandika vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, akamwamuru atulie kabisa. Bi Mawimbi alisimama pembeni. Fundi alitulia vizuri, macho darini, mpaka dakika ilipokaribia kwisha. Hapo akanong'ona kwamba anajisikia kama redio inayotengenezwa, akaanza kucheka. Sista akamkaripia. Mashine ikajizima kicheko kikiwa bado kinatoka.

"Mchoro wenyewe umeharibika mwishoni," Sista alilalamika.

Bi Mawimbi alisema mwisho si kitu, mwanzo unatosha. Moyoni alifurahi kuliko alivyoonyesha.

Michoro ilimfikia kwenye kompyuta ikiwa na namba tu, bila majina. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na ulikuwa na maana yake: ukiona jambo la kutia shaka, unampelekea daktari mkuu wa mradi, naye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kufungua daftari la majina na kumwita mhusika. Lakini mchoro mmoja ulikuwa na vurugu mwishoni, mistari midogo midogo iliyotetemeka, misuli ya mtu anayecheka huku ameambiwa asicheke. Alijua ni wa nani. Ilikuwa kazi yake kusafisha vurugu za namna hiyo, na hiyo hakuisafisha.

Akaujenga moyo. Ulipotulia, ulipendeza. Mapigo yalikuwa ya polepole, ya mtu aliyepumzika. Akauangalia kwa fahari ya kijinga, kama mtu anayeangalia picha ya mpenzi wake kwenye simu. Kisha akaona kilichomfanya avute kiti. Baada ya kila pigo, moyo huu ulichelewa kujitayarisha. Haukuchelewa sana kwa macho ya mtu wa kawaida, lakini macho yake yeye hayakuwa ya kawaida. Akaukimbiza, kama anavyoikimbiza yote, kwa kasi ya mtu anayepanda ngazi ndefu akiwa na mzigo. Wimbi la kwanza lilipita. La pili likalikuta la kwanza halijamaliza kazi, yakagongana, yakavunjika vipande vipande na kuanza kuzunguka kama maji yanayotafuta tundu la sinki. Moyo wenye mawimbi ya namna hiyo hausukumi damu. Mwenye moyo huo huanguka.

Alirudia mara nyingi. Kila mara moyo wa Fundi ulianguka.

Sasa, Fundi alikuwa amewahi kumwambia, siku moja walipokuwa wamekaa bustanini wakila machungwa, kwamba baba yake alianguka kazini na hakuamka. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayesema habari ya zamani. Presha, walisema, mzee alikuwa hataki dawa. Tangu hapo alilelewa na Baba Mdogo, mwenye karakana ya lifti, aliyemfundisha kazi na ambaye mpaka leo ndiye mkubwa wake kazini. Bi Mawimbi alipoikumbuka habari hiyo, aliacha kuukimbiza ule moyo.

Kilichopaswa kufanyika kilikuwa chepesi: kupanda ghorofa moja, kugonga mlango wa daktari, kusema mchoro huu unanitia shaka. Lakini daktari angemuuliza kwa nini anatetemeka, naye angelazimika kusema kwamba mwenye mchoro anamjua. Halafu daktari angemwita Fundi, na Fundi angeacha kupanda, yeye ambaye hakuna kitu alichokipenda kama kusimama juu ya paa la lifti na kuuona mji kutoka madirisha ya ghorofa za juu. Akajiambia kesho. Kesho akajiambia kesho.

Badala yake akaanza kumchunga. Alimuuliza kama amechoka. Alimkataza kahawa. Walipotoka jioni, alisema miguu inamuuma ili wasipande ngazi za daraja. Kwenye simu akawa na vipindi virefu vya ukimya, maana kila Fundi alipomwambia yuko ghorofa ya ngapi, yeye aliuona ule mzunguko kwenye skrini.

"Nimekukosea?" Fundi aliuliza.

"Hapana. Kazi nyingi."

"Kama umenichoka, niambie. Mimi si mtoto."

"Nimesema kazi nyingi, jamani."

Fundi akaaga, na kesho yake mchana simu haikulia. Mtu akifichwa jambo, hujitafutia lake la kuliziba pengo, na la Fundi lilikuwa la wengi: kwamba kuna mwingine, pengine mwenye tai na ofisi yenye kiyoyozi.

Siku ya tatu ya ukimya huo Bi Mawimbi alisikia kwa Sista kwamba karakana imepata kazi ya jengo refu kuliko yote mjini. Hapo akili ikamruka. Katika simu yake kulikuwa na namba ya Baba Mdogo, kwa sababu Fundi aliwahi kumpigia kwa simu ya mzee huyo chaji ilipomwishia. Akampigia. Alimwamkia vizuri, akajitambulisha, akamwomba kwa sauti iliyokuwa inakatika asimpandishe Fundi popote mpaka apimwe moyo.

Mzee yule alimwacha amalize. Alikuwa amekwisha kumzika kaka yake. "Ahsante, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imezeeka ndani ya dakika hiyo.

Jioni Fundi alipiga. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwogofya Bi Mawimbi.

"Baba Mdogo amenipokonya funguo za mashimo ya lifti. Amenikalisha ofisini nipokee simu. Shangazi zangu wote wamekwishanipigia kunipa pole, mmoja alikuwa analia. Nimemuuliza Baba Mdogo, kulikoni? Akasema, mwenzako amenieleza."

"Niliogopa."

"Mimi ndiye mwenye moyo. Ulikuwa unazungumza na mimi kila siku. Ulinikataza kahawa, hukuniambia kwa nini."

"Nilitaka nikwambie kesho."

"Haya. Kesho imefika, na kila mtu anaujua moyo wangu isipokuwa mimi." Akakata simu.

Bi Mawimbi alilia, tena si machozi ya kupendeza. Shangazi alimwacha alie, akamwekea chai, na alipoona chai imepoa akamuuliza jambo moja tu: yule daktari mwenyewe amesemaje? Bi Mawimbi akakiri kwamba daktari hajaambiwa. Shangazi akamtazama kwa namna iliyouma kuliko matusi, akaondoka na kikombe.

Asubuhi akaenda kazini mapema kuandaa mchoro aupeleke kwa daktari kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Aliufungua. Kabla ya kuuchapa, akasogea mpaka mwisho kukiona kile kicheko, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mwenyewe na hakuwa na namna nyingine ya kumsikia. Kilikuwepo. Chini yake kulikuwa na mstari wa muda, na mstari huo ulisema kwamba Fundi alianza kucheka dakika moja ikiwa imekwisha kupita.

Akausoma tena. Alikuwepo chumbani siku ile. Mashine hujizima ikitimiza dakika. Ilijizima kicheko kikiwa bado kinatoka. Mtu hawezi kucheka kwenye mashine iliyozimwa.

Mchoro mzima ulikuwa umevuka dakika kwa robo nzima. Akajua kosa liko wapi hata kabla ya kulitafuta. Mashine ya zamani iliutazama moyo mara mia nne kila sekunde na kuandika namba kila ilipoutazama. Hii mpya iliutazama mara mia tano. Programu yake, aliyoiandika enzi za ile ya zamani, ilikuwa bado inahesabu mia nne, na kwa hiyo ilikuwa imeuvuta moyo wa Fundi kama mtu anavyovuta fulana iliyolowa. Kila kitu kilirefuka: pigo, pumziko, hata kicheko. Mchoro wa Fundi ulikuwa wa kwanza kutoka kwenye mashine mpya.

Alibadilisha namba moja. Mchoro ukajikunja mahali pake. Mapigo hayakuwa tena ya polepole. Yalikuwa ya kijana aliyelala kitandani huku mpenzi wake anamtazama. Akaujenga moyo upya, akaukimbiza, akaupandisha ngazi za majengo yote ya mji. Mawimbi yalipita moja baada ya jingine bila kugusana. Akauweka uso mezani.

Safari hii hakungoja kesho. Alipanda kwa daktari akaeleza yote, kosa la namba na kosa jingine ambalo halikuwa la namba. Daktari hakumbembeleza. Alimwambia kuwa programu hukosea, na ndiyo maana kuna utaratibu, ili kosa la kompyuta lisiende nyumbani kwa watu kabla ya daktari kuliangalia. Siku hiyo hiyo akamwita Fundi, akampima mwenyewe, akamkuta mzima. Kwa tahadhari akamwambia arudi baada ya mwezi.

Bi Mawimbi naye akaenda karakana. Baba Mdogo alikuwepo, na mafundi wawili, na Fundi ambaye alikuwa na mota ya mlango mezani na hakuinua kichwa. Alisema mbele yao wote kwamba moyo wa Fundi hauna tatizo, kwamba tatizo lilikuwa kwenye hesabu zake yeye, na kwamba anaomba radhi kwa hofu aliyoipeleka kwenye familia isiyo yake. Baba Mdogo alimshukuru, akafungua droo, akamrudishia Fundi funguo zake, kisha akakumbuka kazi fulani ya nje na mafundi wote wawili wakaikumbuka pia.

"Kosa la namba halina neno," Fundi alisema. "Mimi mwenyewe nimewahi kufunga waya kinyume, lifti ikawa inapanda ukiiambia ishuke."

"Najua si hilo linalokuuma."

"Siku ile ulipoona, ulijisikiaje?"

"Niliona umekufa," alisema. "Niliona umeanguka na mimi niko mezani nakutazama. Nakupenda, na nilikuwa sijui la kufanya na hofu yenyewe, nikampa mtu mwingine aibebe."

Fundi aliizungusha bisibisi mezani. "Ungeniletea mimi. Hata ikiwa ya uongo, tungeogopa wawili." Akasema amesikia, na kwamba anahitaji muda. Bi Mawimbi akaondoka bila kumwomba zaidi, na hilo lilimgharimu.

Mwezi ukapita. Wakati wa chakula Bi Mawimbi alikuwa anakula tu, simu imetulia mezani. Shangazi hakuuliza kwa nini maharage hayaungui tena.

Siku moja Sista akampigia kutoka chumba cha kupimia, akasema kompyuta yao imeganda, aje upesi. Bi Mawimbi akashuka, na kompyuta ilikuwa haijaganda popote. Kitandani alikuwa amelala Fundi, shati safi jeupe limefunguliwa vifungo, vibandiko mahali pake, na mashine ikiwa tayari inaonyesha moyo wake kwenye skrini. Sista alisema amesahau gundi stoo. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Fundi alikuwa anaangalia dari kwa uso uliotulia tuli, uso wa mtu anayesubiri basi. Lakini skrini ilikuwa haisubiri basi. Mapigo yalikuwa yanakimbizana, na Bi Mawimbi, kwa mazoea ya miaka, alianza kuyasoma: ni hasira, ni woga, ni jambo gani? Angeweza kukaa hapo na kulipata jibu lake kimya kimya, bila kumsumbua mwenyewe.

Alinyoosha mkono akaigeuzia skrini ukutani.

"Umenisamehe?" aliuliza.

Fundi akageuza kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Nimekusamehe siku ile ile ulipotoka karakana. Mwezi huu nilikuwa napanda tu, naona mji, sina wa kumpigia."

"Ungepiga."

"Nilikuwa nakusanya maneno. Sikiliza. Baba Mdogo yuko chini ukumbini, amevaa koti lake la harusi, na ana simu mkononi. Anataka kumpigia shangazi yako aulizie siku ya sisi kuja kwenu kujitambulisha. Nimemwambia angoje kwanza. Nimemwambia, jambo hili mtu wa kwanza kulisikia ni mwenyewe." Akainuka kidogo kwa kiwiko. "Kwa hiyo nakwambia wewe. Nataka kukuoa. Apige, au asipige?"

Bi Mawimbi akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wake wenye waya.

"Apige," alisema. "Ila mwambie Baba Mdogo kwamba masikio ya shangazi ni mazuri, asipige kelele."

Fundi akaanza kucheka, kwanza tumboni, kisha kifua chote, vibandiko vikitikisika. Mlango ukafunguka na Sista, ambaye hakuwa amefika stoo wala popote, akaingiza kichwa kumkaripia atulie, anaharibu mchoro. Bi Mawimbi akamwambia auache, atauchukua hivyo hivyo.